Mama yuko kwenye kemo, kapata corona, sa hivi mguu mmoja umevimba na wanasema damu imeganda. Kemo isimamishwe?

BintiBuhongwa ameandika:

Habari za jioni wadau, naombeni tusaidiane manake kichwa kimenizidi na nyumbani tumegawanyika kabisa.

Bi mkubwa wetu ana miaka 58, kwake ni Sengerema ila tangu aanze matibabu ya saratani ya shingo ya kizazi yuko kwangu hapa Buhongwa, Mwanza. Anaenda mionzi Jumatatu mpaka Ijumaa na mara moja kwa wiki anawekewa dripu ya kemo inaitwa sisplatini, ile ambayo kabla na baada yake wanampa maji mengi sana. Alikua anaendelea vizuri, kutapika kupo lakini uji anakunywa na sato wa kuchemsha anakula. Katikati hapo nyumba nzima tukashikwa na mafua makali, mwanangu wa shule ndo alianza, siku chache mbele mama naye akaanza kukohoa na homa juu, kwa vile yuko kwenye kemo tukamkimbiza wakampima, malaria hamna, corona ipo. Corona hii hii ambayo mtaani watu walishaisahau. Hakuhitaji oksijeni, alitulia ndani kikohozi kikaisha, ila nguvu zikamwisha, akawa mtu wa kulala tu, hata chooni mpaka ashikwe mkono.

Baada ya hapo mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, kwanza kwenye kifundo, ukapanda hadi paja, umekaza, una joto, akikanyaga anaumia msuli wa nyuma. Tukarudi hospitali, wakampiga utrasaundi ya mishipa ile ya Doppla, wakasema damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja. Kaanzishiwa sindano za tumboni mara mbili kwa siku. Kemo ya wiki hii hakupewa, wamesema wanasubiri majibu ya vipimo.

Sasa kaka mkubwa anasema kemo ndo imemgandisha damu mama, anataka tumrudishe Sengerema apumzike atumie dawa za miti. Mama mdogo anasema hapana, corona ndo imefanya. Mi niko katikati na kesho watanipigia wote wawili. Naomba kujua: ni nini hasa kinachogandisha damu kwa mgonjwa kama huyu? Kemo iendelee au isimame? Na hizi sindano za kuzuia damu kuganda ziko salama kweli wakati mama bado anatokwa na damu kidogo kidogo sehemu za siri? Na mguu tuuchue au tuuache?

MzeeWaKirumba ameandika:

Pole sana binti yangu, Mungu amsimamie mama. Mimi ni mtu mzima nimeona mengi, mguu ukivimba hivyo upande mmoja huku kwetu mara nyingi hua ni matende au mtu kakanyaga kitu cha watu. Mchue na mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu kutoka chini kwenda juu, asubuhi na jioni, umkande na maji ya moto yenye chumvi. Halafu umtengenezee tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi anywe, hivyo vinalainisha damu. Wakati wa corona ile ya kwanza tulijifukiza nyungu na tukapona, na yeye mfukize.

NesiWaZamu ameandika:

Dada BintiBuhongwa USIMCHUE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi na ningekua na namba yako ningekupigia sasa hivi.

Mzee wangu wa Kirumba shikamoo, najua unasema kwa upendo na mafuta ya nyonyo hata bibi yangu Magu anayatumia, lakini mguu huu umeshapimwa na donge la damu limeonekana kabisa kwenye mshipa. Donge bichi likikandwa linaweza kumeguka, kipande kikapanda na damu hadi moyoni, kutoka hapo kikaenda kuziba mshipa wa mapafu. Mtu anakua anaongea na wewe halafu ghafla anakosa pumzi. Wodini tumeona wagonjwa wanaletwa hivyo, ukiuliza ndugu unaambiwa walikua wanamkanda. Kwaiyo kuchua hapana, kukanda na maji ya moto hapana. Anyanyue mguu kidogo juu ya mto akiwa amelala, atembee taratibu kadri daktari alivyoruhusu, basi.

Matende kwanza hayaji kwa wiki moja, yanachukua miaka, na hayana haya maumivu ya ghafla kwenye msuli. Mguu mmoja ukivimba kwa siku chache kwa mtu mwenye saratani, kitu cha kwanza kufikiria ni damu kuganda hadi vipimo vikatae. Kama kuna mtu anasoma hapa ana mgonjwa nyumbani, chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa msuli wa mguu sentimita 10 chini ya kile kifupa kinachotokeza mbele chini ya goti, pima miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 3 usisubiri kesho. Na hata tofauti ikiwa ndogo lakini kuna maumivu na joto, nenda tu, utepe hauwezi kuona ndani ya mshipa.

Tangawizi ya kwenye chai haina shida. Ila vile vikombe vya kitunguu saumu na tangawizi kwa wingi juu ya sindano za kuzuia damu kuganda ni kumtafutia mama kutokwa damu. Nyungu nayo mtu aliyeishiwa maji na ambaye kinga imeshuka inamchosha tu, na wengine wanaungua na yale maji.

BintiBuhongwa ameandika:

Asante sana dada nesi, kuchua nimeelewa na nimeshawaambia hapa ndani. Mzee wangu shikamoo na nashukuru kwa kutujali. Bado nasubiri la kemo, manake kaka kasema kesho kutwa anakuja na gari.

DokaMwambao ameandika:

Pole BintiBuhongwa. Mimi ni daktari, sio wa mama yako, kwaiyo maamuzi ya mwisho ni ya wanaomtibu, wao wana faili lake. Ila nitakueleza jinsi sisi tunavyofikiri ili kesho ukiongea na kaka uwe na kitu mkononi.

Kaka na mama mdogo kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila wote wawili wamemuacha mhusika mkuu ambaye ni saratani yenyewe. Saratani inagandisha damu hata kabla mtu hajaona dripu ya kemo. Hili sio jambo jipya, kuna daktari Mfaransa anaitwa Armand Trousseau alilielezea Paris mwaka 1865, enzi ambazo kemo haipo kabisa duniani, na mwaka 1867 dalili zile zile akaziona kwenye mwili wake mwenyewe na akafariki na saratani ya tumbo mwaka huo huo. Mgonjwa wa saratani ana hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya ndani mara 4 hadi 7 ya mtu asiye na saratani, sababu chembe za uvimbe zinatoa vitu vinavyoiamsha damu igande.

Mjerumani mmoja Rudolf Virchow ndo anahusishwa na ile hesabu tunayoitumia mpaka leo, kwamba damu inaganda kwa sababu tatu: imetulia haitembei vizuri, ukuta wa mshipa umeumia, au damu yenyewe imekua nzito ya kuganda haraka. Ni mafiga matatu, na mama yenu kayakamilisha yote. Damu kutulia: alilala sana baada ya corona, na uvimbe wa shingo ya kizazi uko kwenye nyonga pale pale mishipa mikubwa ya miguu inapopita, ukikua unaibana. Ukuta wa mshipa: virusi vya corona vinashambulia kile kitambaa laini cha ndani ya mishipa, na sisplatini nayo inakiudhi, tena yenyewe ni moja ya dawa za kemo zinazojulikana zaidi kwa kugandisha damu. Damu nzito: saratani, homa, kutapika na kukosa maji. Kwaiyo mkikaa kubishana nani kafanya mtakesha, wote wamefanya kwa pamoja.

Halafu muda. Watu wanadhani corona ikipima hamna basi imeisha na mambo yake. Wasweden walifuatilia watu zaidi ya milioni moja waliowahi kuugua, majibu yakatoka 2022: hatari ya damu kuganda kwenye mguu ilibaki juu hadi miezi 3, ya donge kwenye mapafu hadi miezi 6, na hatari ya kutokwa na damu hadi miezi 2. Iko juu zaidi wiki za mwanzo na kwa waliolazwa hali mbaya, lakini hata walioumwa kawaida nyumbani kama mama yako ilipanda. Hao walikua watu wa kila aina. Sasa mtu ambaye tayari ana saratani na yuko kwenye kemo unamuongezea hiyo juu yake.

Sasa kemo. Damu kuganda peke yake sio sababu ya kuacha matibabu ya saratani. Fikiria hivi, mhusika mkuu ni saratani, ukimrudisha nyumbani unaiacha inawaka. Kinachofanyika kwa kawaida ni kuanza dawa ya damu, kama mlivyofanya, wakaangalia vipimo, homa iwe imeisha na nguvu zirudi kidogo baada ya corona, ndo wanaendelea. Wanachosubiri kwenye vile vipimo nadhani ni vitu vitatu. Kimoja ni chembe nyeupe, kemo inazishusha na corona nayo inazishusha. Cha pili ni chembe sahani, zile zinazosaidia kuzuia damu isitoke, zikishuka chini ya 50,000 dozi ya sindano mara nyingi inabidi ipunguzwe, chini ya 25,000 kwa kawaida inasimamishwa kwa muda. Cha tatu figo. Sisplatini inaweza kuumiza figo na ile sindano ya tumboni, enoksaparini, inatolewa mwilini na figo, kwaiyo figo zikilegea dawa inajikusanya na mtu anavuja damu. Kama figo hazitaruhusu sisplatini wanaweza kumbadilishia, kuna karboplatini, au wakaendelea na mionzi tu. Haya waulize moja kwa moja, waambie "kriatinini ya mama (kile kipimo cha figo) ni ngapi, chembe sahani ngapi", ni haki yako kujua.

Na hapa kwenye mionzi naomba kaka yako asome mara mbili. Saratani ya shingo ya kizazi mionzi ikishaanza inatakiwa iishe yote ndani ya kama wiki 8. Ikikatwa katikati kwa muda mrefu, chembe za saratani zinapata nafasi ya kukua upya na uwezekano wa kupona unapungua. Mama akipelekwa Sengerema "kupumzika" mwezi mmoja, atakaporudi sio kwamba anaendelea alipoishia. Hili ndo linaniuma zaidi katika maelezo yako kuliko hata mguu, manake mguu umeshapata dawa.

Kuhusu kutokwa damu ukeni: swali zuri sana na ndio maana nafikiri wamemchagulia sindano na sio vidonge. Damu kidogo ya kuchafua pedi haizuii sindano, lakini inabidi wajue, usiwafiche. Na mionzi yenyewe inasaidia kukausha ile damu ya kwenye uvimbe, sababu nyingine ya kutoikatisha. Ila akianza kulowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au mabonge ya damu, au mkojo au choo kina damu, au kichwa kinamuuma ghafla vibaya, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mkulima_wa_Misungwi ameandika:

Doka samahani nidakie, au ni ile chanjo ya corona? Mtaani wanasema waliochanjwa ndo wanagandwa na damu.

DokaMwambao ameandika:

Mkuu swali halali. Chanjo ya Janssen iliyozinduliwa hapa Tanzania tarehe 28 Julai 2021 kweli ilikua na tatizo la nadra sana la damu kuganda huku chembe sahani zikishuka. Lakini tatizo lile lilikua linajitokeza ndani ya wiki chache baada ya kuchanjwa, mara nyingi wiki 1 hadi 3. Halikai mwilini miaka likisubiri. Mtu aliyechanjwa 2021 akagandwa na damu leo akiwa na saratani, kwenye kemo na katoka kuumwa corona, huwezi kuilaumu chanjo ukaviacha hivi vitu vitatu vilivyo mbele ya macho.

BabaKijana_Igoma ameandika:

Dada pole sana. Mke wangu alipitia hii, yeye ilikua saratani ya titi, damu ikaganda mkononi upande ule waliokua wanamwekea dripu, na yeye katikati alikua ameumwa corona. Nashukuru Mungu yupo, amemaliza matibabu. Madaktari wameshaeleza ya kitabibu, mi nakupa ya ndani ya nyumba ambayo hakuna anayekuandikia kwenye cheti.

Sindano za tumboni utafundishwa kumchoma mwenyewe na utaweza, usiogope. Mwanzo mikono ilikua inanitetemeka. Unachagua sehemu ya pembeni ya tumbo mbali na kitovu, vidole kama vitatu hivi au zaidi, unabana nyama kidogo kati ya vidole viwili, unaingiza sindano wima yote, unasukuma polepole, unatoa ndo unaachia nyama. Ile hewa ndogo iliyomo kwenye sindano iliyojazwa kiwandani kama dozi yake ni ya sindano nzima usiitoe, wala usisugue pale baada ya kuchoma, ukisugua unampa mabaka ya bluu. Leo kulia kesho kushoto. Haihitaji friji na isigandishwe, iweke tu mahali pa baridi pasipopigwa na jua, sio juu ya kabati chini ya bati. Sindano zilizotumika weka kwenye dumu gumu la plastiki uzirudishe hospitali, una mtoto wa shule hapo ndani.

Andika saa. Asubuhi saa moja na usiku saa moja, ubandike karatasi ukutani na kila anayechoma aweke tiki, manake nyumba yenye watu wengi mmoja atasema ameshachoma kumbe hajachoma, au wawili wachome mara mbili.

Hela. Hizi sindano zinakula hela na zinaendelea miezi. Tulikua tunanunua mpaka shemeji akatuambia tuende ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitali tueleze hali halisi, tukasaidiwa sehemu. Kama mama ana bima ulizeni dawa ipi inalipiwa kabla ya kununua nje. Na msiruke dozi kwa kusubiri hela, waambieni daktari mapema, kuna vidonge wanaweza kumbadilishia.

Kingine usimpeleke duka la dawa mtaani kuchomwa sindano ya takoni ya maumivu. Mke wangu alichomwa ile ya diklofenaki na mtu aliyemhurumia, tako likavimba damu ndani. Maumivu panadoli, ila upime joto kwanza kabla ya kumpa.

NesiWaZamu ameandika:

Hilo la mwisho la BabaKijana nalishika kwa mikono miwili. Huku kwetu kanda ya ziwa kila homa ni malaria, mtu anameza mseto nyumbani anasubiri. Mgonjwa wa kemo akifika 38 na kuendelea, iwe usiku iwe mchana, anapelekwa hospitali na mnasema mlangoni kabisa "huyu yuko kwenye kemo". Malaria watapima, corona watapima, lakini kubwa wanaloogopa ni kinga kushuka na bakteria kuingia kwenye damu, hiyo haisubiri asubuhi. Kwa dawa nyingi kemo inashusha kinga kati ya siku ya 7 na ya 14. Mtu wa sisplatini ya kila wiki hawezi kuhesabu hivyo, kwaiyo kila siku ni ya kuangalia.

Na dalili za mapafu ziandike hapo hapo ukutani: pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio, kuzimia. Watu watasema ni corona imerudi. Msikae kujadili, tafuta bajaji au taxi yoyote nendeni.

Nansio_Kwetu ameandika:

Jamani na mimi nina baba mkubwa Ukerewe, saratani ya kibofu, wanasema imetokana na kichocho cha zamani, na yeye mkojo una damu. Ameambiwa ataanza kemo. Je naye apewe dawa za kuzuia damu kuganda mapema kabla haijaganda?

DokaMwambao ameandika:

Mkuu sio kila anayeanza kemo anapewa. Kuna alama tunazohesabu kabla ya kemo, aina ya saratani ikiwemo, chembe sahani kama ziko juu sana, kiwango cha damu (Hb) kama kimeshuka chini ya 10, chembe nyeupe kama ziko juu, na uzito. Saratani ya tumbo la chakula na kongosho ndo zinaongoza, ya kibofu nayo ina alama yake. Akifikisha alama za juu na hana hatari kubwa ya kutokwa damu wanafikiria kinga. Kwa baba mkubwa, mkojo wenye damu ni breki kubwa. Vidonge vya kuzuia damu kuganda kama rivaroksabani vinaongeza kutokwa damu hasa kwa wenye uvimbe kwenye njia ya mkojo na ya chakula. Kwaiyo kwake yeye kwa sasa ni maji ya kutosha, kutembea, na nyie kuangalia miguu yake. Dawa za kichocho anywe kama wamemwandikia, lakini zile haziondoi saratani iliyokwishaota.

BintiBuhongwa ameandika:

Nimesoma yote, baadhi mara mbili tatu. Nimemrekodia kaka kwa sauti ile sehemu ya mionzi na wiki 8 kwa sababu yeye kusoma kwenye simu ni mvivu, kanipigia akakaa kimya muda mrefu halafu akasema "kumbe ukikatisha ni kama kuanza nyuma ya pale". Anakuja ila sio kumchukua, anakuja kutusaidia zamu ya kumpeleka.

Majibu tumepata leo, chembe sahani 142,000, figo wamesema ziko sawa ila anywe maji zaidi. Mionzi anaendelea Jumatatu, kemo wataamua wiki ijayo wakimwangalia. Bado nina maswali mawili, hizi sindano ni mpaka lini? Na mama anatumia ARV miaka mingi, sikuwaambia siku ile kwa sababu ndugu walikua wamejaa pale.

DokaMwambao ameandika:

Afadhali umesema. Hilo wanalijua kutoka kwenye faili karibu kwa hakika, lakini siku wakitaka kumhamisha kwenye vidonge hakikisha linatajwa tena, ukiwa peke yako na daktari. Wengi siku hizi wako kwenye ile dawa yenye dolutegraviri, hiyo haigombani na vidonge vya kuzuia damu kuganda. Ila kama yuko kwenye dawa za daraja la pili zenye ritonaviri, hizo zinapandisha rivaroksabani kwenye damu na anaweza kuvuja damu. Kinyume chake kama atawahi kuwekwa kwenye dawa za TB, rifampisini iliyomo inavishusha vidonge hivyo kwenye damu na donge linaweza kurudi. Enoksaparini haina ugomvi na yote hayo. Na ARV asiache hata siku moja kwa kisingizio cha wingi wa dawa.

Warfarini nayo ipo, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, cha bei nafuu, lakini inataka kupimwa INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) kila mara na kwa mtu anayetapika kwenye kemo inapanda na kushuka. Mwaka 2003 kuna utafiti mkubwa ulilinganisha sindano na vidonge vya aina ya warfarini kwa wagonjwa wa saratani, damu kuganda tena ikawa asilimia 9 kwa waliotumia sindano na 17 kwa wa vidonge. Ikitokea mkaishia kwenye warfarini kwa sababu ya gharama, sio mwisho wa dunia, ila mchicha, matembele, majani ya maboga na mlonge ale kiasi kile kile kila wiki, sio wiki hii sufuria nzima wiki ijayo hamna, sababu vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa.

Muda: kwa kawaida angalau miezi 3, mara nyingi 6, na kama saratani bado iko hai au matibabu yanaendelea wanaongeza. Msiache kwa sababu uvimbe umepungua. Uvimbe unapungua mapema, donge linachukua muda.

BabaKijana_Igoma ameandika:

Na ukienda naye hospitali nenda na lile karatasi la tiki, madaktari wanalipenda.

MzeeWaKirumba ameandika:

Binti yangu nimesoma na nimeelewa, na mafuta nayarudisha kabatini. Mke wangu yupo nyumbani hapa Kirumba mchana kutwa, kama siku unakwama kazini na mama hana wa kukaa naye uniandikie pembeni.

BintiBuhongwa ameandika:

Mzee wangu Mungu akubariki, nakuandikia sasa hivi. Dada nesi swali la mwisho, mama anataka Jumamosi akaione nyumba yake Sengerema arudi Jumapili, anasema amechoka kuangalia kuta zangu. Inawezekana?

NesiWaZamu ameandika:

Kwanza ruhusa ya daktari wake, kwa sababu donge bado bichi na ndo kwanza ameanza dawa. Mi ningemwomba avute subira wiki kadhaa. Wakimruhusu, siku hizi daraja la Kigongo-Busisi limetuondolea ule msongamano wa kivuko ambapo mtu anakaa kwenye gari miguu imekunjwa masaa, kwaiyo safari yenyewe ni fupi. Akae mbele kiti kirudishwe nyuma, anyooshe miguu, azungushe vifundo, mkishavuka msimame ashuke atembee hatua chache. Maji njiani. Asivae nguo inayobana nyonga. Sindano ya jioni ibebe na karatasi lake, na Jumatatu asubuhi awe kwenye foleni ya mionzi.